Waridi la Kutambaa kwa Ajili ya Chakula, Bila Dawa za Viwandani

Ndugu watazamaji, karibuni tena bustanini hapa Tabora. Leo tunaotesha waridi la kutambaa ambalo maua yake tutayala, kwa hiyo jambo la kwanza kuangalia ni asili ya mche. Chukua kipande cha tawi kutoka kwenye mmea wenye maua yanayonukia sana, kwani ua lisilonukia halina ladha, na uwe na hakika kwamba haujapuliziwa dawa za viwandani. Maua ya mapambo yanayouzwa madukani yasiliwe kamwe.

Kata kipande chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 20, kifukie nusu yake kivulini na ukimwagilie hadi kishike mizizi.

Mvua za Novemba zikianza, chimba shimo la sentimita 50 kila upande, mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi, karibu na uzio imara. Udongo wetu kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, haushiki maji wala rutuba, hivyo uchanganye na debe zima la samadi iliyooza vizuri, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mche, kisha tandaza nyasi kavu juu ya udongo huo, lakini zisiguse shina, na uzifunue mara kwa mara kukagua mchwa.

Sasa tazameni tawi hili kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosa maua. Tawi likiachwa lisimame wima, kilele chake huyazuia macho ya chini, yaani vinundu vya kuchipua, yasichipue, na maua hutokea juu tu. Likilazwa likiwa bado laini, karibu kila jicho hutoa kitawi kifupi chenye maua. Lipinde taratibu, kisha lifunge kwa kamba ya katani, ukiizungusha mfano wa namba 8 ili tawi lisisuguane na uzio.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakijazana kwenye vitumba, waoshe kwanza kwa maji asubuhi. Wakirudi, twanga gramu 500 za kiini cha mbegu za mwarobaini, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja, kisha pulizia jioni inayofuata. Jua kali hudhoofisha dawa hii, na jioni nyuki wamekwisha kurudi mizingani. Katika mkoa unaosifika kwa asali kama wetu, kuwalinda ni wajibu. Maua yaliyopuliziwa yakiwa wazi usiyachume kwa kula, kwani yatakuwa machungu.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka, maua yaliyofunguka siku hiyo. Shika petali zote kwa pamoja, zichomoe, kisha kata kwa mkasi ile sehemu nyeupe ya chini, ambayo ina uchungu. Zioshe, halafu utie chache kwenye chai, au upike jamu kwa sukari na maji ya ndimu. Za akiba zianike kivulini juu ya kitambaa safi hadi zivunjike zikiguswa, ndipo uzifungie kwenye chupa kavu.