Namna ya Kuulisha Mtambo wa Bayogesi kwa Kinyesi cha Ng'ombe Wawili

Karibu, ndugu mtazamaji. Tuko kwenye miteremko ya Mlima Meru, wilayani Arumeru, nyumbani kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaofugwa ndani. Mtambo wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi, unaouona mbele yako ni wa kuba lililojengwa chini ya ardhi, wenye ukubwa wa mita za ujazo 6, wa aina ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichopo hapa Arusha, kimeieneza tangu miaka ya 1980. Kujenga kuba ni kazi ya fundi aliyefunzwa, kwa kuwa ufa mwembamba kama unywele unatosha kuivujisha gesi, na hatutaigusa leo. Tutaonyesha kazi anayoachiwa mwenye nyumba fundi akishaondoka, yaani kuulisha mtambo. Naamini kuwa mitambo mingi iliyotelekezwa ilikufa kwa kulishwa vibaya.

Ujazo wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Mtambo wa ukubwa huu unahitaji tani 2 hivi za kinyesi ili uanze, na ng'ombe wawili wanaotoa kilo 40 kwa siku watakuchukua siku 50 kuzifikisha. Kwa hiyo anza kukusanya siku ileile shimo linapochimbwa, ukiweka kinyesi kivulini na kukinyunyizia maji kisikauke, au uombe cha majirani. Hakikisha kiwe cha ng'ombe, kwa sababu bakteria wanaotengeneza gesi ya methani huishi tumboni mwa ng'ombe na hutoka pamoja na kinyesi chake. Kinyesi cha kuku au cha nguruwe kiongeze baadaye, kidogo kidogo, mtambo ukishazoea. Wakati wa kujaza, acha koki kuu wazi ili hewa iliyomo kubani itoke, kisha uifunge.

Sasa tazama ulishaji wa kila siku. Asubuhi, mfugaji anazoa kinyesi kibichi kwenye sakafu ya saruji, akijaza ndoo 2 za lita 20, na kukimimina kwenye chemba ya kuchanganyia. Anaongeza maji ndoo 2 zilezile, kiasi kwa kiasi, na sehemu ya maji hayo inaweza kuwa mkojo wa ng'ombe uliokingwa kwenye mfereji wa banda. Anakoroga mpaka mabonge yote yaishe na mchanganyiko uwe kama uji mwepesi. Ukiwa mzito, utaganda juu na kufanya utando unaozuia gesi kupanda. Ukiwa na maji mengi, kinyesi kitatoka upande wa pili kabla bakteria hawajamaliza kazi yao, ambayo katika ubaridi wa mlimani huchukua takriban miezi miwili. Kabla ya kuzibua bomba, anaondoa kwa mkono mabua, mawe na mchanga. Mchanga usiudharau hata kidogo, kwani huzama chini na kubaki humo mwaka baada ya mwaka, ukila nafasi ya tope. Ndiyo maana ningemshauri mfugaji mwenye fedha kidogo asakafie banda kwanza, jiko la pili lisubiri.

Mabaki ya jikoni yanafaa pia, kama vile maganda ya ndizi yaliyokatwakatwa, matunda yaliyooza na makombo ya ugali, ila yasizidi ndoo ndogo moja kwa siku. Vyakula vya wanga huchacha upesi, na tope likiingia uchachu, bakteria wa methani hudhoofika na mtambo hutoa kaboni dayoksaidi isiyoshika moto. Ukiliona hilo, simamisha ulishaji kwa siku kadhaa, kisha rudi kwenye kinyesi cha ng'ombe peke yake. Tahadhari nyingine ni dawa. Mtambo wetu wa kwanza ulizimika kwa wiki nyingi baada ya banda kuoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na maji yake kuachwa yaingie chemba. Na kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki kitupwe kwingine hadi dawa imtoke mwilini.

Gesi huanza kuonekana baada ya wiki 2 au 3, na penye baridi huchelewa zaidi. Gesi ya mwanzo imechanganyika na hewa, na methani iliyo kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka. Kwa hiyo itoe nje, mbali na moto wowote, kabla ya kuwasha jiko. Usijaribu kamwe kuiwasha kwenye mdomo wa bomba linalotoka kwenye kuba. Viungo vya mabomba vipake povu la sabuni, nalo likitoa viputo, kaza kiungo hicho. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, fungua madirisha, funga koki kuu, wala usiwashe kiberiti. Hakuna mtu wa kuingia ndani ya mtambo, hata ukiwa mtupu, asipokuwepo fundi.

Kilo 40 hizo za kinyesi hutoa karibu lita 1,400 za gesi kwa siku, zinazotosha jiko moja kwa saa 4 hivi. Mwali mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano, rekebisha tundu la hewa kwenye jiko. Mwali ukicheza huku na huku, maji yamekusanyika bombani, nayo huondolewa kwa kufungua koki ya mtego wa maji kila wiki.

Tope linalotoka lipeleke kwenye shimo lenye kivuli, kwa maana jua hulipotezea naitrojeni, kisha uwapelekee migomba, kahawa na majani ya tembo. Kabla ya masika, chimba mfereji kulizunguka shimo hilo ili maji ya mvua yasiingie.