Fidia ya Mkono na Fidia ya Kazi

(Mhadhara kwa wafanyakazi, Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nimzungumzie mfanyakazi aliyeumia kazini, kisha akaachishwa kazi. Mtu huyo ana madai mawili, na kila dai lina mlango wake. Wengi wanapoteza haki kwa kubisha mlango mmoja tu.

Kuumia ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi hata senti. Huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Inatosha kwamba umeumia ukiwa kazini.

Kupoteza kazi, Mfuko hauligusi. Hilo linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu uachishwe. Siku 30, ndugu zangu! Kijana wa mashine ya mbao amekatwa vidole, bado ana bandeji, anasubiri Mfuko umalize hesabu ndipo afungue kesi. Miezi inakatika. Akifika Tume, wakili wa mwajiri hataji vidole kabisa, anataja tarehe. Sasa kijana ajaze Fomu Namba 2, aombe kuongezewa muda, aeleze kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali chenye tarehe haimfikishi mbali. Tunzeni karatasi zote, hata kadi ya kufungia kidonda. Inaniuma kuona mtu mwenye haki anashindwa kwa kukosa karatasi.

Mwajiri anaweza kumwachisha aliyeumia? Anaweza, ila kwa utaratibu. Kwanza kuna likizo ya ugonjwa: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu. Kisha kanuni za 2007 zinamtaka atafute kazi nyingine unayoiweza, na kama umeumia kwake, ajitahidi zaidi. Kesi nyingi zinaamuliwa hapo. Stoo palikuwa na nafasi? Getini je? Mliitana mkazungumza, au barua ililetwa tu nyumbani?

Na ile karatasi ya "nimepokea stahiki zangu zote, sina madai mengine", ukiletewa wodini usiisaini siku hiyo. Omba nakala, ipeleke chama cha wafanyakazi isomwe kwanza.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.