Kisigino Kwanza

Asanteni. Mtindio wa ubongo, ile hitilafu ya ubongo inayovuruga misuli na mwendo wa mtoto, ameshaueleza daktari aliyenitangulia, sirudii. Mimi nina jambo moja, na walionisikia Lindi na Masasi wanalijua: kisigino. (Kicheko.) Chekeni, lakini leo hapahapa Mtwara nimeona mlangoni watoto wamevaa vifaa vizuri vya kushika mguu, kuanzia wayo hadi chini ya goti, plastiki inang'aa, kisigino kinaelea humo ndani.

Kifaa kinamsaidia mtoto anayetembelea vidole kwa kuwa kinashika kifundo cha mguu kisiinamie chini. Ubongo hakiuponyi; anayekuahidi hayo anazitaka hela zako za korosho. Sasa kisigino kisipokaa chini kabisa, mguu umeinama humohumo ndani, na kila hatua unapanda, unashuka, unasugua. Kidonda kinaanzia hapo.

Ukimvisha, mkalishe, goti likunjwe. Nasema likunjwe! Wengi mnamlaza, mguu mmeunyoosha, halafu mnasukuma kama mnashindilia gunia. Msuli mkubwa wa shavu la mguu umeanzia juu ya goti: goti likinyooka unavuta kisigino juu, likikunjwa unalegea. Soksi ndefu, isiwe na mikunjo. Sukuma kisigino nyuma na chini, funga mkanda wa kifundoni kwanza, wa juu baadaye.

“Analia, ndiyo maana nalegeza.” Bibi mmoja wa Mikindani alinijibu hivyo, mkali kwelikweli. Shikamoo bibi, nikamwambia, ukilegeza ndiyo unazidisha msuguano. Tukamvisha mjukuu upya, goti limekunjwa, mkanda umebana. Akanyamaza, akaanza kudai biskuti. Bibi akanigeukia: “Mbona hospitali walitupa kifaa tu, hili hawakusema?” Sikuwa na jibu la kumtetea mtu. Kifaa kinatolewa, maelezo yanabaki kwenye karakana.

Ukimvua, tazama ngozi. Alama isiyoondoka kwa nusu saa, mrudishe kwa fundi aliyekitengeneza. Na kwa ngozi zetu hizi usisubiri wekundu. Papasa: pana joto? Pamevimba?

Haya, viatu. Ndala hazishiki kifaa. Tafuta kiatu kinachofunguka hadi mbele, toa soli ya ndani. Mtoto anakua, pengine mwaka hauishi kifaa kimeshambana. Usimpe mdogo wake wala wa jirani, kimepimwa kwa mguu ule mmoja. Mazoezi ya kunyoosha misuli nilitaka... basi, mwenyekiti ananikazia macho, mtamuuliza mtu wa fiziotherapia.

Mama mwenye kitenge cha kijani, mlete kijana wako hapa mbele. Mvue viatu na vifaa. Tunamvisha upya, na wewe ndiye utakayefunga mikanda.