Sogea tukae inatosha? Naongea na watu wangu wa Kigoma

Asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, habari zenu wote wa Ujiji, Mwanga, Gungu, Katubuka, na ninyi wa Kibirizi mnaonitazama huku mnageuza dagaa. Dada yenu niko Göteborg, Sweden, na leo nina jambo moja tu. Mnaniuliza sana: "Dada, ndoa ina umuhimu gani siku hizi? Watu wanapendana, wanaishi, wanazaa, si inatosha?"

Mimi nasema haitoshi. Mashehe na wachungaji wana lao la kusema na wanalisema vizuri. Mimi nasema kwa sababu ya dada mmoja wa Kibirizi, jina lake nalihifadhi. Alianza na mwanaume wake kwa ile tunayoiita sogea tukae, chumba kimoja cha kupanga. Yeye ndiye aliyekuwa anapokea dagaa alfajiri mitumbwi ikitoka ziwani, anaanika, anafunga magunia, anapeleka stesheni. Hela hiyo ndiyo iliyonunua injini ya boti, halafu kiwanja. Risiti ya injini, jina la bwana. Karatasi ya mauziano ya kiwanja, jina la bwana.

Bwana akafariki. Ukoo ukakaa kikao kuchagua msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Jina la huyu dada limo. Unajua kaandikwa nani? "Mzazi mwenzake na marehemu." Basi. Siyo mke, siyo mjane. Watoto wameandikwa warithi, na mama aliyewazaa kaandikwa kama mtu waliyekutana tu njiani. Aliponisomea ule mstari kwenye simu nililia, jamani.

Najua kuna atakayesema sheria inamlinda. Kweli, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kuwa ni mume na mke, inachukuliwa kwamba wamefunga ndoa. Nasema miaka 2, siyo miezi 6 kama mnavyoambiana vijiweni. Lakini kisomeni chote: dhana hiyo inaweza kupingwa. Shemeji akileta cheti kwamba marehemu alifunga ndoa kanisani Kasulu na haijavunjwa, umekwisha. Unaweza bado kuomba matunzo yako na ya watoto, ila umke umeanguka. Na hata kama hakuna cha kupinga, ni wewe, na msiba wako kifuani, unayezunguka kumbembeleza mjumbe, jirani na mwenye nyumba waje kusema mbele ya hakimu kwamba walikujua kama mke wa fulani. Mwenye cheti anafungua begi, anatoa cheti.

Halafu mnaniambia, mbona huko Wazungu hawaoani? Ni kweli, Wasweden wengi wanaishi pamoja bila ndoa, wanaitwa sambo, na hakuna anayewashangaa. Ila wametungiwa sheria yao, ya mwaka 2003. Hata hiyo sheria inahusu nyumba na vyombo vya ndani walivyonunua kwa ajili ya maisha yao ya pamoja. Gari haimo, akiba ya benki haimo. Na mmoja akifa bila wosia, mwenzake harithi. Ndiyo maana huku utaona watu wana wajukuu tayari, wanakwenda kufunga ndoa ya serikali, dakika chache, mashahidi wawili, wanarudi nyumbani kunywa kahawa. Mnaiga ile ya kukaa pamoja, hii ya kwenda kusaini hamwiigi.

Kwetu kinachochelewesha watu ni sherehe. Kijana anamwambia mwenzake subiri nijipange. Kujipanga kwenyewe ni ukumbi, MC, suti, sendofu, kadi za michango, kamati ya kila Jumapili. Mtoto wa kwanza anazaliwa, wa pili anazaliwa, bado anajipanga! Sheria haikudai ukumbi. Inataka hiari yenu wawili, notisi ya siku 21, na mashahidi wasiopungua wawili. Wazazi nanyi nisikilizeni: hata mahari isipolipwa, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo, iko kwenye kifungu cha 41. Msiwazuie watoto kwa deni la ng'ombe.

Wazee wetu hawakuwa na vyeti, sawa. Lakini ukoo mzima ulikuwa shahidi, na ndoa ya kimila mpaka leo sheria inaitambua. Sogea tukae ina shahidi gani? Mimi siamini kwamba mtu anayekupenda kweli anaona shida kukutamka mkewe mbele ya watu wawili.

Na kina dada, msidanganywe kwamba kwa kuwa hukuajiriwa huna chako. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Imesema mke.

Kwa hiyo wewe unayenitazama na mwenzako yuko hapo pembeni, mrudishie kile kipande cha kifungu cha 160 akisikilize mwenyewe. Halafu kesho mwende kwa shehe wenu, parokiani au bomani, mkaulize tarehe ya karibu. Na mkitoka huko, kwenye kiwanja andikeni majina yote mawili. Wiki ijayo naongea na mawifi, jiandaeni.