Gusa kiwiko chako

Habari za jioni. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja wenu aguse kiwiko chake. Usimtazame jirani. Gusa tu.

Haya, asanteni, msitoe mkono kwanza. Nikiwa hapa mbele naona kitu ambacho nyinyi hamkioni. Wengi mmegusa hapa katikati, mkono unapokunjika. Lakini wapo kadhaa, na si vijana, walioshika huku chini panapovaliwa saa. Na hakuna aliyekosea. Ziko kamusi za zamani zinazosema kiwiko ni kifundo cha mkono, hata cha mguu. Wale wa katikati wana majina mengine pia ya hapo hapo: kisugudi, kivi. Sasa mmoja wenu ateleze usiku huu, apige simu aseme, "Daktari, nimeumia kiwiko." Daktari ajiandae kupiga picha ya wapi?

Nimekuja kuzungumzia majina ya mifupa, viungo na misuli, na nimeanza na kiwiko kwa sababu ndiyo shida yenyewe. Hatuna upungufu wa maneno. Tuna maneno mengi ambayo hatujakubaliana yameshika nini.

Chukueni mkono. Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi ncha za vidole. Ndani yake kuna mifupa 30: mmoja wa juu, miwili ya kigasha, na 27 ya kiganja, vidole na kifundo. Mguu nao, kuanzia nyonga hadi kidole gumba, una 30. Zidisha mara mbili kila upande unapata 120. Mtu mzima ana mifupa 206. Kwa hiyo kwa maneno mawili tu, mkono na mguu, tumeshafunika zaidi ya nusu ya mifupa ya mwili, halafu tunashangaa tukiulizwa, "Umevunjika mkono, wapi?"

Mshipa ni mbaya zaidi. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, ndiyo maana tunasema mishipa ya fahamu. Mshipa, kwa wengine, ni ngiri, na hilo halisemwi mbele ya wakwe. Na mtu akiamka shingo imekaza husema mshipa umebana, hapo anamaanisha msuli. Mtu akiniambia "mshipa wa mguu unaniuma" nalazimika kumhoji kama polisi: unawaka, unakufa ganzi, umevimba, unauma ukitembea au ukilala? Damu iliyoganda kwenye mshipa wa tafu inaweza kuua. Msuli wa tafu uliochoka utapona kesho kutwa. Neno ni moja.

Kiungo je? Ni pale mifupa inapokutana. Ni sehemu yoyote ya mwili, ndiyo maana tunasema kuchangia viungo, na hapo figo imo. Ni kitu cha kutia kwenye mchuzi. Ni mchezaji wa katikati ya uwanja. Muktadha hutuokoa mara nyingi, sikatai. Uti wa mgongo nao hutumika kwa zile pingili za mfupa na kwa ule ugwe laini unaopita ndani yake, ingawa mtu anaweza kuvunjika pingili na ugwe usiguswe, akatembea vizuri tu. Usiniulize habari ya wale wanaoandika UTI kwa herufi kubwa wakimaanisha ugonjwa wa njia ya mkojo. Nimeona karatasi moja yenye yote mawili.

Hapo ndipo mtu huniambia: basi tuachane na Kiswahili, tutumie Kilatini cha madaktari, kile hakina mchezo. Nami hupenda kukifungua hicho Kilatini mbele ya watu, kwa sababu ndani yake kuna vyombo vya jikoni.

Pitisha kidole chini ya shingo, kuelekea bega. Huo mfupa mwembamba uliopinda tunauita mtulinga. Kilatini ni klavikula, maana yake ufunguo mdogo. Shuka kwenye goti. Kile kifuniko cha mbele sisi tunakiita pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa uzi. Kilatini kinakiita patela, kisahani. Mimi naona pia imekaa vizuri zaidi, maana mfupa wenyewe una ncha chini, sahani haina ncha. Muundi, huo mfupa unaogongana na kiti gizani, ni tibia, na tibia kwa Warumi ilikuwa pia filimbi. Mwenzake mwembamba wa pembeni ni fibula, pini ya kubania nguo. Lile shimo la nyonga ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka linaitwa asetabulamu: kikombe cha siki. Ndani ya sikio kuna vifupa vitatu, majina yao ni nyundo, fuawe na kikuku cha kupandia farasi, na huyu wa mwisho ndiye mfupa mdogo kuliko yote, kama milimita 3 hivi.

Na msuli? Kilatini ni muskulusi. Kunja mkono, kaza, kisha legeza, kaza tena. Unaona kitu kinatembea chini ya ngozi? Warumi waliona kipanya. Ndiyo maana yake. (Sisi nasi msuli ni shuka la kujifunga kiunoni, kwa hiyo tusicheke sana.) Msuli mrefu kuliko yote, unaokatiza paja kutoka nje ya nyonga hadi ndani ya goti, umepewa jina la fundi wa nguo, kwa vile unahusika mtu akikunja miguu namna mafundi wa kale walivyokaa wakishona. Pingili ya kwanza ya shingo ni Atlasi, yule jitu wa hadithi za Wayunani aliyebebeshwa mbingu. Pingili inabeba kichwa tu, lakini siku nyingine kichwa ni kizito kama mbingu.

Basi hawa hawakutuzidi akili katika kubuni. Walitazama, wakafananisha, wakaita. Walichotuzidi ni kukaa kikao. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 majina yao nayo yalikuwa vurugu. Kila chuo na kila profesa alikuwa na yake, na wakayahesabu yakafika kama 50,000, kwa sehemu za mwili ambazo hazikuzidi 6,000. Mwaka 1895 wataalamu wa anatomia walikutana Basel, Uswisi, wakapitisha orodha moja. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na ile ya mwaka 1998 ilitolewa kwa makubaliano ya kimataifa. Walikubaliana pia jambo dogo ambalo limeokoa watu wengi: mwili huelezwa ukiwa umesimama, uso mbele, viganja vimetazama mbele, na kulia ni kulia kwa mgonjwa, hata kama wewe umesimama ukimkabili.

Sasa niwaonyeshe pale ambapo kukosa neno kunaumiza. Nyosha dole gumba juu, kama unayesema mambo safi. Tazama kwenye mzizi wake, upande wa kifundo. Kamba mbili zinajichora, na katikati yake pana kishimo. Kwenye vitabu vya anatomia hicho kimeitwa kisanduku cha ugoro, kwa sababu wanusa ugoro walikuwa wakiuweka hapo kabla ya kuuvuta puani. Wazee mnaotabasamu mnakijua tangu zamani.

Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mmoja kati ya vile vifupa vinane vya kifundo cha mkono. Majina ya nane hao ni ya kuvutia: kuna mwezi, kuna pembetatu, kuna njegere, kuna kulabu. Huyu wetu anaitwa skafoidi, yaani mtumbwi. Mtu anaanguka, anatanguliza kiganja kujizuia, mtumbwi unavunjika katikati. Kifundo hakivimbi sana. Vidole vinacheza. Nyumbani wanasema, "Umeteguka tu, pakaa dawa, uvute." Na kuteguka kwetu ni neno jingine la mfuko mpana: hubeba kano iliyovutika, kano iliyochanika, na kiungo kilichochomoka mahali pake kabisa.

Shida ya mtumbwi ni damu. Damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kigasha. Ukivunjika katikati, kile kipande cha nyuma kinaweza kubaki hakina chakula, kikafa polepole, na miaka baadaye mtu hawezi kusukuma hata mlango bila kuuma. Tena mara nyingine picha ya siku ya kwanza haionyeshi ufa. Ndiyo maana daktari mwangalifu akibonyeza kishimo cha ugoro ukaruka, atakufunga plasta na kukuita tena baada ya wiki mbili hivi hata kama picha ni safi. Asiyejua sababu huona anasumbuliwa bure.

Zile kamba mbili za kishimo ni kano. Zinafunga msuli kwenye mfupa. Ziko nyingine zinazofunga mfupa kwa mfupa, na hizo ndizo huumia mtu anapoteguka kifundo. Kwa mazoea zote tunaziita kano. Wapo waandishi wanaotenganisha, wa kwanza tendoni, wa pili ligamenti, na mimi nawaunga mkono, huo huo wenye mifupa 30.

Aina za viungo sitazichelewesha. Goti na kiwiko (kile cha katikati) huenda kama bawaba ya mlango, ingawa goti hujipinda kidogo pia. Bega na nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Fuvu limeshonwa kwa mishono isiyocheza, isipokuwa kwa mtoto mchanga, ambaye utosi wake bado ni laini. Na kuna mfupa mmoja chini ya ulimi ambao haujaungana na mwenzake yeyote. Umening'inia kwenye misuli na kano tu.

Naulizwa huku mbele kuhusu baridi yabisi. Vizuri, nilitaka kuifikia. Ukiona neno la daktari limeishia na "itisi," ujue kuna uvimbe na moto mahali hapo. "Algia" ni maumivu. Athri ni kiungo, kwa hiyo athritisi ni kiungo kilichowaka, mialgia ni maumivu ya misuli. Jina hilo linaeleza kilichopo, halisemi kimetoka wapi. Baridi yabisi ni jina la namna nyingine: limebeba nadharia nzima. Katika tiba ya kale ya Wayunani, iliyoendelezwa na matabibu walioandika Kiarabu, kila kitu kilipimwa kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Baridi na yabisi, yaani ukavu, ni sifa mbili kati ya hizo nne. Na Wazungu wasitucheke, kwani neno lao rumatizimu linatokana na Kiyunani cha kutiririka: waliamini majimaji mabaya yanatiririkia viungoni. Ni tiba ile ile ya kale, ila wao walishika maji na sisi tukashika ukavu.

Hatari ni kwamba jina hilo moja tunalitumia kwa magonjwa mawili yasiyo ndugu. Katika la kwanza, gegedu inayofunika ncha za mifupa inalika, kwa umri, kwa uzito, kwa jeraha la zamani. Katika la pili, kinga ya mwili yenyewe inashambulia utando wa ndani ya kiungo. Huyu wa pili anaweza kuwa na miaka 30, vidole vimevimba mikono yote miwili, asubuhi haviwezi kufunga kifungo. Zipo dawa za kutuliza kinga hiyo, na zinafaa zaidi zikianza mapema, kabla vidole havijapinda. Akiambiwa ni baridi yabisi, ajifunike, atajifunika miaka miwili.

Naona saa. Nimalizie na mfupa mmoja. Mwishoni kabisa mwa uti wa mgongo kuna kifupa kilichoundwa kwa pingili nne hivi zilizoshikana, kwetu kifandugu. Wayunani walikiita kwa jina la ndege wa ukoo wa tipitipi, kwa kuwa waliona mdomo wake umepinda vivyo hivyo. Mliokaa wima mmekalia mifupa miwili ya chini ya nyonga na hamna shida. Nyinyi mlioteleza mkaegemea nyuma tangu niliposema habari za jioni, ndege huyo mmemlalia. Inukeni taratibu.