Chura Huyu wa Wapi?

Kabla hujaniuliza huyu ni chura gani, niambie umemkuta wapi. Nimelisema Arusha, nimelisema hapa hapa Moshi, na bado asubuhi hii nimetumiwa picha: chura mdogo juu ya kiganja, na maneno matatu, "Mwalimu, huyu nani?" Kiganja nimekiona, asante. Mlima uko wapi?

Mwaka 1911 chura wa Amani, Usambara Mashariki, alipewa jina la kisayansi Callulina kreffti. Kibonge, ngozi ya vipele, haruki sana. Anatambaa kama mzee anayetafuta miwani. Kwa zaidi ya miaka 90 kila aliyefanana naye alitiwa kapu hilo hilo. Mwaka 2004 akatolewa wa Usambara Magharibi, akaitwa Callulina kisiwamsitu. Hilo halihitaji mkalimani. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Upare: laphami wa Pare Kaskazini, upande wa Mwanga, shengena na stanleyi wa Pare Kusini, upande wa Same. Mnaopanda basi la Same mnaijua ile nyika kavu kati ya milima hii. Ninyi mnaipita mkisinzia. Chura asiye na hatua ya kiluwiluwi, anayetaga kwenye udongo wenye unyevu wa msituni, kwake ile ni bahari.

Msinione mtakatifu. Nikiwa kijana nilikusanya vyura wiki nzima kwenye mvua, nikaandika vikaratasi kwa biro, mwandiko wa kujivunia, nikavitumbukiza kwenye chupa za spiriti. Baada ya mwezi nafungua: spiriti ya bluu, karatasi nyeupe pe. Vyura wamo, kwao hakujulikani. Mwalimu wangu akazipanga chupa mezani moja moja, hakusema neno, akanisogezea penseli. Penseli haiyeyuki, jamani!

Najua kuna anayenong'ona hapo kwamba siku hizi simu inaandika mahali yenyewe. Inaandika. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hiyo inafutwa. Kwa hiyo andika kwa mkono: msitu, kijiji, mwinuko, tarehe, saa.

Nilitaka tusikilize milio, maana madume hawa hutofautishwa pia kwa sauti, lakini mwenyekiti anatazama saa. Kuhusu ugonjwa wa fangasi unaoua vyura, neno moja tu: unaweza kubebwa na matope, kwa hiyo sugueni buti kabla ya kuingia msitu mwingine.

Na wewe mwenye kiganja, kama umo humu: Mwanga au Same?