Treni Hujengwa kwa Oda Zinazofuatana

Asalaam aleikum wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana wa vyuo vya ufundi hapa Lamu.

Ikitajwa serikali kusaidia kiwanda cha treni, wengi hufikiria ruzuku na ushuru wa forodha. Yana nafasi yake. Lakini kinachoua kiwanda upesi zaidi ni pengo baina ya oda moja na nyingine.

Mtazameni fundi anayechomelea bodi ya behewa la alumini. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za selsiasi, ila utando wa oksidi ulio juu yake hauyeyuki mpaka zipite 2,000. Kwa hivyo kwanza hufuta mafuta, kisha husugua kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ambayo haijagusa chuma cha kawaida. Akichelewa, utando hurudi. Na kwenye unyevu kama huu wetu wa pwani, haidrojeni huingia katika alumini iliyoyeyuka na kuacha vitundu ndani. Kwa nje kazi inapendeza. Ikipigwa eksirei, inakataliwa. Hapo hukatwa na kurudiwa, na kila ikirudiwa, joto hulipinda bamba.

Mkono wa namna hiyo hauwekwi ghalani. Kwa kanuni za ISO 9606, kipimo cha kimataifa cha kuwatahini wachomeleaji, kila miezi 6 lazima ithibitishwe kwamba fundi bado anaifanya kazi ile ile, la sivyo cheti chake hakina nguvu na itabidi atahiniwe upya. Mafundi wa majahazi kule Matondoni wanalijua hili: chombo kisipoagizwa, kijana hashiki tezo.

Mwaka 2011, oda ya treni za Thameslink, njia ya abiria inayopita London nchini Uingereza, ilipopewa Siemens ya Ujerumani, kiwanda cha Bombardier mjini Derby kilitangaza kupunguza kazi zaidi ya 1,400. Mwaka 2024 kiwanda hicho hicho, sasa cha Alstom, kilikuwa kimekaukiwa na kazi, ndipo zikaagizwa treni 10 zaidi za laini ya Elizabeth ya London kwa msaada wa serikali, kila moja mabehewa 9. Mabehewa 90 si mengi, lakini yaliziba pengo. Kwa maoni yangu oda ile ilichelewa mno.

Afrika Kusini iliagiza treni 600 kwa mkupuo. Zile 20 za kwanza zilijengwa Brazil, zilizobaki zikapangiwa kiwanda cha Dunnottar, mashariki ya Johannesburg. Oda ndefu kama ile ndiyo inayomtia moyo mwekezaji kununua mashine na kufundisha watu.

Sisi je? Reli ya LAPSSET, ule mradi wa bandari na njia za usafiri kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, kutoka Lamu bado iko kwenye ramani, na huu ndio wakati wa kuandika masharti. Tusianze na bodi. Tuanze na bogi, yaani fremu ya chini ya behewa inayoshika magurudumu, na magurudumu yenyewe, vinavyochakaa kila siku. Gurudumu hushindiliwa kwenye ekseli kwa presi huku grafu ya nguvu ikirekodiwa. Mstari ukishuka ghafla, jozi ile haitoki karakanani. Kwa reli yenye upana wa milimita 1,435, nafasi baina ya nyuso za ndani za magurudumu ni milimita 1,360 Ulaya, na 1,353 China. Basi zabuni itaje kanuni mapema, idai michoro na vipimo vyake, iwaweke vijana wetu karakanani mwa mtengenezaji tangu bogi la kwanza, na iahidi idadi ya magurudumu yatakayofungwa hapa nchini kila mwaka.